Kanisa la Wafumaji wa Lewiston: Yanayodhaniwa na Yaliyotokea

Wengi wanaposikia kwamba kanisa kubwa la mawe la Watakatifu Petro na Paulo mjini Lewiston, katika jimbo la Maine nchini Marekani, lilijengwa na wahamiaji waliozungumza Kifaransa, hudhani kwamba wahamiaji hao walitoka Ufaransa. Ukweli ni kwamba wengi wao walikuwa wakulima wa Quebec, nchini Kanada, ambao mashamba yao hayakuwatosha tena, nao wakavutiwa na ajira za viwanda vya pamba vilivyoendeshwa kwa nguvu ya maji ya mto Androscoggin. Kati ya 1840 na 1930, watu wapatao 900,000 waliihama Quebec kwenda Marekani. Reli iliyofika Lewiston mwaka 1874 iliwashusha jirani na viwanda, na mtaa walikopanga ukaja kuitwa Kanada Ndogo.

Dhana nyingine inatujia kwa urahisi sisi wa Afrika Mashariki, kwa kuwa tumezoea historia ya wamisionari kutangulia na waumini kufuata, kama ilivyokuwa Bagamoyo walipofika Mapadre wa Roho Mtakatifu mwaka 1868. Lewiston mambo yalikwenda kinyume: waumini walikuwa wamekwisha kufika, wamebatizwa na wana desturi zao, ndipo akatafutwa padre wa kuwahudumia. Parokia ya Mtakatifu Petro, ambayo ndiyo iliyokuja kulijenga kanisa hili, iliundwa mwanzoni mwa miaka ya 1870, ikaongozwa na Padre Pierre Hévey hadi 1881, mapadre wa shirika la Wadominiko walipoipokea. Masista wa Upendo kutoka Saint-Hyacinthe, Quebec, waliwasili mwaka 1878, wakafundisha watoto na baadaye wakaanzisha hospitali.

Wapo pia wanaouliza kwa nini wahamiaji hao walidai parokia yao wenyewe, ilhali wakati huo Misa iliadhimishwa kwa Kilatini kila mahali, na Mkatoliki yeyote angeweza kuifuata katika kanisa la Waairishi waliowatangulia. Swali hili linasahau kwamba maisha ya parokia hayaishii kwenye Misa. Mama aliyeshinda kiwandani na asiyejua Kiingereza angeungamaje kwa padre asiyemwelewa? Mahubiri, katekisimu ya watoto, mafundisho ya ndoa, maneno ya kumfariji mfiwa na matangazo ya Jumapili, yote hayo yalihitaji lugha ya watu. Ndiyo maana Kanisa nchini Marekani liliruhusu parokia zilizohudumia watu wa lugha moja bila kujali mipaka ya mitaa, na ndiyo maana shule ya parokia ilithaminiwa sawa na altare yenyewe.

Inasemwa vilevile kwamba imani moja iliondoa ugomvi. Kwa maoni yangu, hii ndiyo dhana iliyo mbali zaidi na ukweli. Askofu wa Portland, jimbo la Kanisa lililojumuisha Lewiston, kuanzia 1875 hadi 1900 alikuwa James Augustine Healy, mwana wa baba Mwairishi na mama mtumwa wa Georgia mwenye asili ya Kiafrika, aliyepewa upadre mjini Paris na aliyekimudu Kifaransa. (Anahesabiwa leo kuwa askofu Mkatoliki wa kwanza Mmarekani mwenye asili ya Kiafrika, ingawa yeye mwenyewe hakujitambulisha hivyo hadharani.) Hata hivyo, ni katika kipindi chake, mwaka 1887, ambapo sheria ya Maine ilimfanya askofu kuwa mmiliki pekee wa mali za parokia zote. Waumini waliochanga senti zao za mshahara wa kiwandani waliona wamenyang'anywa walichokijenga. Mgogoro ulikua hadi 1911, wakati Louis Walsh, askofu wa Portland wa wakati huo, alipowazuia viongozi sita wa waumini waliopinga sheria hiyo kupokea sakramenti.

Jengo lenyewe halikuinuka kwa mkupuo wala kwa fedha za matajiri. Ujenzi ulianza mwaka 1906, ukasimama lilipokamilika kanisa la chini ya ardhi, na kwa miaka mingi waumini walisali humo. Kazi ya juu iliendelea katikati ya miaka ya 1930, wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi, na kanisa likatabarukiwa mwaka 1938. Kinanda chake cha mabomba kilitoka Saint-Hyacinthe, kwa mafundi wa Casavant. Mwaka 2004 kanisa lilipewa hadhi ya basilika ndogo, cheo cha heshima ambacho Papa huyapa baadhi ya makanisa.

Mwisho, hudaiwa kwamba Kifaransa kilififia chenyewe. Lakini sheria ya Maine ya mwaka 1919 iliagiza masomo yafundishwe kwa Kiingereza, na watoto wengi walikaripiwa kwa kuzungumza lugha ya nyumbani shuleni. Sheria hiyo ilidumu hadi miaka ya 1960. Wala lugha haikutoweka kabisa. Katika karne hii wamefika Lewiston wahamiaji kutoka Kongo, Burundi, Rwanda na Djibouti, na baadhi ya wazee wenye asili ya Quebec, waliokuwa wameanza kukosa wa kuzungumza naye, wamekuwa wakikutana nao kwa mazungumzo ya Kifaransa katika kituo cha utamaduni kilichokuwa zamani Kanisa la Mtakatifu Maria, Kanada Ndogo.