Mdomo Umekufa Ganzi, Jino Bado Linauma

Wiki iliyopita alikaa kwenye kiti changu mama mmoja ambaye hakuwa amelala siku tatu. Gego la chini lilikuwa limeoza hadi kwenye mzizi na shavu limevimba. Nikamchoma sindano ya ganzi nyuma ya taya, tukasubiri. Mdomo wa chini ukafa kabisa, mate yakamdondoka bila yeye kujua. Nilipoligusa jino, akashtuka na kukamata mkono wa kiti.

"Dokta, linauma," akasema, kisha upesi upesi, "samahani."

Hiyo samahani imenikaa kooni. Huko alikotibiwa zamani aliambiwa ajikaze, eti ganzi imeshashika na kilichobaki ni woga. Hakuwa mwoga hata kidogo. Nieleze kilichokuwa kinatokea ndani ya neva zake.

Neva iliyotulia haijalala. Nje yake kuna sodiamu nyingi, ndani kuna potasiamu nyingi, zote chembe zenye chaji chanya, na pampu zilizo kwenye utando wake zinafanya kazi usiku na mchana kulinda tofauti hiyo: kila zikitoa sodiamu 3, zinaingiza potasiamu 2. Kwa hiyo ndani hubaki na chaji hasi, karibu milivolti 70 chini ya nje. Neva imejaa mithili ya mtego uliotegwa. Jino likiguswa, chaji hiyo hupungua kidogo, na ikifika kama milivolti 55 hasi, milango ya sodiamu hufunguka. Sodiamu humiminika ndani, chaji hugeuka kuwa chanya, kisha milango hiyo hujifunga na potasiamu hutoka kurudisha utulivu. Yote hayo huchukua kama milisekunde 1 hivi.

Watu wengi hudhani umeme huu hukimbia kama ule wa kwenye waya. Sivyo. Unafanana zaidi na moto kwenye paa la makuti: kuti hili huwasha la jirani, la jirani huwasha linalofuata. Tofauti ni kwamba neva hujiezeka upya nyuma ya moto, ikawa tayari kuwaka tena. Waliotufumbulia jambo hili ni Alan Hodgkin na Andrew Huxley wa Uingereza, waliopima neva nene ya ngisi na kuchapisha matokeo yao mwaka 1952.

Lidokaini, dawa ya ganzi tunayoitumia sana, iliundwa Sweden mwaka 1943 na Nils Löfgren. Kazi yake ni kuziba ile milango ya sodiamu, lakini huiziba kwa ndani. Ili ipenye utando wa neva, molekuli yake lazima iwe haina chaji; na hata kwenye mwili usio na ugonjwa, ni kama robo tu ya molekuli zilizo katika hali hiyo. Penye usaha pana asidi. Asidi huzipa molekuli chaji, zikabaki nje zikibisha hodi.

Mama huyu nilimchoma mbali na usaha, kwa hiyo asidi peke yake haitoshi kuwa sababu. Neva iliyokaa siku nyingi kwenye uvimbe hubadilika yenyewe. Huongeza milango ya sodiamu, na baadhi yake ni ya aina ambayo lidokaini haiishiki vizuri. Ndiyo maana mdomo wenye neva zisizo na uvimbe unaweza kufa ganzi huku jino likiwaka.

Kuna jambo jingine juu zaidi, kwenye shina la ubongo. Hapo neva ya jino huishia, na kati yake na seli inayofuata kuna mwanya mdogo ambao moto wetu hauwezi kuuruka. Ishara inabadili chombo: kalsiamu huingia kwenye ncha ya neva, vifuko hupasukia nje na kumwaga glutamati, kemikali inayobeba ujumbe, nayo huenda kufungua milango ya seli ya pili. Maumivu yakigonga hapo siku tatu mfululizo, seli ile ya pili huwa nyepesi kuwaka. Ishara kidogo inayoponyoka ganzi hupokelewa kama kubwa. Maumivu hayo ni ya kweli kabisa.

Nikamwambia, "Mama, hujakosea kitu." Nikamwongezea sindano ndogo pembeni mwa jino lenyewe, kati ya mzizi na mfupa, ili dawa ijae hapo hapo. Safari hii nilipogusa, alitulia. Jino likatoka.

"Nilisikia unavuta tu," akasema. Ndivyo inavyokuwa, kwa sababu neva nyembamba za maumivu huwahi kunyamazishwa kuliko zile nene za mgandamizo.

Ukija kung'oa jino, kwangu au kwa mwingine, mwombe daktari mpatane ishara kabla hajaanza. Mimi huwaambia wagonjwa wainue mkono wa kushoto. Mkono ukiinuka, koleo linarudi mezani.