Hakuna "opti" ndani ya ofthalmolojia

Rundo jingine la karatasi za mtihani, na kosa ni lilelile: "opthalmology" badala ya "ophthalmology", yaani ofthalmolojia, elimu ya tiba ya macho. Ukiuliza, unajibiwa kwamba ni "opti" ya macho, kama kwenye optometria (upimaji wa macho). Siyo. Sehemu ni tatu: ofthalm- (jicho, Kigiriki ophthalmos), irabu unganishi -o-, na -lojia (elimu). Tahajia ya Kiingereza ina herufi 13, na h ni mbili: ph, kisha th. Inayodondoshwa ni ile ya kwanza, na mara nyingi l ya -thalm- huifuata.

Kutamka hakuna udhuru. F mbele ya konsonanti haitushindi. Sijasikia mtu akisema "daptari". Th tunayo kwenye thelathini. Kwa Kiswahili mkazo uko kwenye ji, kwa Kiingereza kwenye mol.

Sasa linaloniudhi hasa: imani kwamba silabi ndiyo sehemu ya neno. Itazame hiyo mol. M ni mkia wa mzizi, o ni kiunganishi, l ni kichwa cha -lojia. Silabi moja imeokota kwenye sehemu zote tatu! Anayekata neno kwa kufuata mdomo hubaki na vipande visivyo na maana.

Zerofthalmia, ukavu wa macho unaoletwa na upungufu wa vitamini A, ndiyo inayowaumbua wengi. Wanakata zero-fthalmia, kisha wanahangaika kutafuta "fthalmia" ni nini. Hakuna kitu hicho. Ni zer- (kavu) na ofthalm-. O unayoiona ni ya jicho. Ya kiunganishi imetolewa kwa sababu mzizi unaofuata unaanza na irabu. Ndiyo maana ofthalmoskopu (kifaa cha kutazamia ndani ya jicho) ina o mbele ya s, lakini endofthalmitisi (uvimbe wa ndani ya jicho) haina o mbele ya i, na hata endo- (ndani) imeachia yake.

Haki itendeke, wenye kutamka "op" wana utetezi. Katika Kigiriki cha kale ph haikuwa f, ilikuwa p yenye pumzi, kama Wamvita wanavyomtamka paa wa porini tofauti na paa la nyumba. Zipo kamusi za Marekani zinazoikubali p hadi leo. Na udugu na "opti"? Baadhi ya wanaisimu wanaiona mizizi yote miwili ikitoka kwenye "kuona", wengine wanakataa kabisa, nami sina uhakika nani yuko sahihi. Ila kwenye karatasi, h ya kwanza isipokuwepo nakata alama.