Je, wajua kwa nini bunge la Ujerumani lilibishana kuhusu msichana wa Kichaga?

Carl Peters unamkumbuka toka darasani, yule wa mikataba ya uongo na machifu wa Usagara 1884. Ila kuna kesi yake ambayo shuleni huwa wanairuka. 1891 serikali ya Ujerumani ikampa ukamishna Kilimanjaro, na pale kituoni kwake aliweka wasichana wa Kichaga, mmoja anaitwa Jagodja. Kijana wake wa kazi, Mabruk, akadaiwa kuingia usiku kuiba sigara, Peters akamnyonga. Baadae Jagodja akatoroka, akarudishwa, akachapwa viboko, na Januari 1892 akanyongwa na yeye. Sababu rasmi eti alikuwa jasusi, lakini minong'ono ikasema ni wivu tu, kwamba Mabruk na yule binti walikuwa wanatembea. Wenyeji walimuita Peters Mkono wa Damu, sasa we jiulize.

Machi 1896 August Bebel, mbunge wa wasoshalisti, akalilipua bungeni Berlin, akataja na barua ambayo eti Peters alimwandikia Askofu Tucker wa Kianglikana akijitetea kwamba binti alikuwa mkewe kwa mila za Kiafrika, so kumuua kwa uzinzi ni haki yake. Barua yenyewe ikaja kuonekana haipo, na watetezi wa Peters wakang'ang'ania hapohapo, utadhani bila barua basi na vitanzi havikuwepo!

Kinachonikera mimi ni kilichowauma wale waheshimiwa. Mambo ya kitandani yalichukua nafasi kubwa, mzungu kulala na mwafrika, afu heshima ya Ujerumani itakuwaje, ila swali la nani aliwapa ruhusa ya kunyonga watu Uchagani halikuwasumbua wengi. Ndo maana 1897 Peters alihukumiwa na mahakama ya nidhamu ya watumishi wa serikali, sio kwa mauaji. Akafukuzwa kazi, cheo na pensheni vikaenda, na mwenyewe keshahamia London anakula maisha.

Na hata hiyo adhabu haikudumu. 1905 Kaiser, yaani mfalme wa Ujerumani, akamrudishia cheo, 1914 pensheni, na 1937 Hitler akamsafisha kabisa wakati marehemu ana miaka 19 kaburini. 1939 Berlin wakabatiza mtaa jina lake, Petersallee. 1986 wakaona aibu, wakasema kuanzia leo ni wa Peters mwingine, mwanasiasa Hans Peters, jina la mtaa likabaki lilelile (ujanja wa ajabu huu). Kuubadilisha kweli ni 2024, na sasa kipande kimoja kinaitwa Maji-Maji-Allee.