Modi ya kuuza: "nimeiunda mwenyewe" haitoshi

Wiki hii tena. Jamaa anauza modi (nyongeza ya gemu iliyoundwa na mchezaji) ya basi la mkoani ya Bus Simulator Indonesia, gemu la kuendesha mabasi, kaulizwa habari ya ruhusa, akajibu: "Nimeiunda mwenyewe kwenye Blender, ile programu ya kuchonga maumbo, tangu mwanzo, kwa hiyo ni mali yangu." Jibu hilo nimelisikia mpaka masikio yameota sugu.

Sawa, umbo ni lako, rangi ni zako. (Nembo ya kampuni uliyoibandika ubavuni siigusi leo, ina wenyewe.) Lakini kuna kesi ya Marekani ya mwaka 1998, Micro Star dhidi ya FormGen, ambayo kila muuza modi angeisoma kabla ya kutaja bei. Gemu la FormGen, Duke Nukem 3D, lenye shujaa aitwaye Duke, lilikuja na programu ya kujitengenezea ramani, yaani viwanja vya kuchezea. Wachezaji wakatengeneza, wakaziweka intaneti. Micro Star, kampuni nyingine, wakazoa 300, wakazitia kwenye CD waliyoiita Nuke It, wakauza. Utetezi wao ulikuwa mtamu: faili la ramani (MAP) halina picha hata moja ya Duke. Linasema tu ukuta ukae hapa, adui asimame pale. Gemu lenyewe ndilo linalokwenda kuchota picha kwenye ghala lake. Tumeiba nini, basi?

Mahakama ya Rufani haikununua hoja hiyo. Ilisema ramani hizo zinasimulia visa vipya vya Duke, na haki ya kutoa mwendelezo ni ya mwenye Duke. Kwa hiyo mtu anaweza asinakili picha hata moja na bado akashindwa. Tena leseni ya gemu ilitaka ramani za wachezaji zitolewe bure.

Hapa nami nakwama. Basi halisimulii kisa. Faili la umbo na rangi, kwenye gemu linaloruhusu uingize gari lako, ni mwendelezo wa nini? Nadhani hoja ya 1998 inalegea hapo, ila pesa ya pango siwezi kuiweka rehani kwa "nadhani". Halafu kuna masharti uliyoyabofya "nakubali" bila kusoma. Minecraft inakuruhusu kugawa modi yako, si kuiuza. Kwenye The Sims 4, EA, wenye gemu hilo, wanakubali wanaokuchangia pesa waipate modi yako mapema kwa muda "wa kiasi", kisha iwe bure kwa wote. Kiasi gani? Ahsante, EA, tumeelewa sana.

Na wale wanaosema kulipisha modi ni dhambi siku zote, nao wapunguze. Aprili 2015 Valve (wenye duka la magemu la Steam) na Bethesda (wenye gemu la Skyrim) waliruhusu modi za Skyrim ziuzwe: muundaji 25%, Valve 30%, Bethesda 45%. Ruhusa ilikuwepo, tena ya wenye gemu. Mpango ukafutwa baada ya siku chache kwa kelele za wachezaji, lakini kilichonishughulisha mimi ni modi moja ya uvuvi wa samaki. Ilitegemea kazi ya muundaji mwingine aliyetoa bure mfumo wake wa miondoko ya wahusika, na huyo hakupendezwa kuukuta ndani ya bidhaa ya kuuzwa. Ikaondolewa sokoni. Kwa hiyo ndugu yangu wa basi, kabla hatujafika kwa mwenye gemu: ile honi umeitoa kwa nani?