Je, wajua kwa nini modeli ya ndege inang'arishwa kwanza halafu inafubazwa tena?

Ukikaa karibu na mtu anayejenga ndege za modeli, zile za plastiki zinazokuja vipande vipande kwenye boksi, kuna hatua moja lazima ikushangaze. Jamaa ameshapaka rangi zake za kijeshi, kijani na kahawia, zimekauka, zimefubaa vizuri kabisa kama ndege ya vita yenyewe. Halafu anachukua vanishi ya glosi anaipulizia ndege nzima mpaka inang'aa kama imetoka kuoshwa. Anabandika stika zake. Akimaliza anachukua vanishi nyingine, safari hii isiyong'aa, anapulizia tena juu ya kila kitu, na ndege inarudi kufubaa vile vile ilivyokuwa mwanzo. Yaani katoka hapa, kazunguka, karudi hapa hapa, na vanishi mbili zimeliwa njiani.

Mi nilipoona hivyo mara ya kwanza nilisema huyu anapoteza muda. Na nilikuwa na hoja, tena hoja nzuri tu, shida yake moja ni kwamba ilikuwa kinyume na ukweli.

Hoja yenyewe ni hii. Mtu yeyote aliyewahi kupaka rangi anajua kwamba sehemu laini inayong'aa haishiki kitu, ndo maana kabla ya kupaka rangi mpya juu ya ile ya glosi unapiga msasa kwanza, unaikwaruza ili rangi ipate pa kujishikiza. Sasa kama msasa unasaidia rangi kushika, basi rangi iliyofubaa, ambayo yenyewe ina ukwaru wa asili, si ndo itashika stika vizuri zaidi? Kwa nini uifanye iteleze halafu ndo ubandike? Nikaruka hatua ya glosi, nikabandika moja kwa moja.

Ndege ilikuwa Spitfire, ile ndege ya kivita ya Uingereza ya Vita vya Pili vya Dunia, ya skeli ya 1/72, yaani ndogo mara 72 kuliko ndege yenyewe. Hiyo skeli, kwa asiyejua, imetokana na vipimo vya Kiingereza: futi moja inakuwa sehemu ya sita ya inchi, kwa hiyo mtu wa futi 6 anaingia kwenye inchi 1, na Spitfire yenye upana wa mabawa wa mita 11.23 inakuwa kitu cha sentimita 15 na nusu hivi. Airfix, kampuni ya modeli ya Uingereza, ilianza kuuza Spitfire ya skeli hiyo miaka ya 1950 na mpaka leo dunia bado inaijenga. Tuendelee.

Stika za hizi ndege si kama zile za kubandua na kubandika. Ni stika za maji, wengi wanaziita dekali. Kuna karatasi chini, juu yake gundi nyembamba inayoyeyuka kwenye maji (mara nyingi ni dekstrini, gundi ya jamii ya wanga), juu ya gundi kuna utando mwembamba sana usio na rangi, halafu juu ya utando ndo imechapwa wino wa alama zenyewe. Unakata alama yako, unaichovya kwenye maji ya uvuguvugu, unasubiri kidogo, gundi inalegea, unaitelezesha kutoka kwenye karatasi mpaka kwenye bawa. Cha kuzingatia hapo ni kwamba ule utando haukatwi kwa kufuata umbo la herufi. Ukiwa na namba ya ndege yenye herufi mbili na tarakimu tatu, utando ni kipande kimoja kinachopita chini ya zote, na katikati ya herufi kuna sehemu tupu za utando mtupu, ambazo kinadharia hazionekani.

Usiku ule hazikuonekana kweli. Nilibandika zote, nikakandamiza kwa pamba, nikaangalia chini ya taa, safi kabisa. Nikalala nimeridhika.

Asubuhi kila alama ilikuwa imezungukwa na ukungu wa fedha. Pembeni ya herufi, katikati ya tarakimu, kila palipokuwa na utando mtupu palikuwa pameota weupe unaometameta kama njia ya konokono. Ukiitazama ndege kwa juu unauona kidogo, ukiinamisha bawa kuelekea dirishani unawaka. Sasa badala ya namba kuonekana imepakwa kwenye ndege, ilionekana wazi kwamba ni kibandiko, tena kibandiko cha hovyo.

Nikaja na maelezo ya pili, nayo ni ya uongo: nikasema ni gundi. Gundi imekauka ikawa nyeupe, si ndo hivyo? Nikaona dawa ni kupunguza gundi, dekali iliyofuata nikaiacha kwenye maji muda mrefu mpaka ikajiachia yenyewe ikaelea, nikaibandika. Ukungu ukaja vile vile, tofauti ni kwamba hiyo na kona zake zilinyanyuka. Nikasema basi dekali zenyewe ni mbovu, zimezeeka kwenye boksi, na hapo nikakaribia kununua nyingine kabisa.

Kilichoniokoa ni bahati. Nilikuwa na alama moja ya ziada, nikaibandika kwa hasira tu kwenye kipande cha plastiki tupu kilichobaki, kile kisichopakwa rangi kabisa, kinang'aa kama kilivyotoka kiwandani. Ilipokauka hakukuwa na ukungu hata chembe. Dekali kutoka karatasi ile ile, gundi ile ile, maji ya bakuli lile lile, mkono ule ule. Kilichobadilika ni kilicho chini tu. Kwa hiyo gundi haina kosa, na dekali haina kosa, kosa liko kwenye ule ukwaru niliokuwa nausifia.

Sasa twende taratibu hapa maana ndo penye utamu.

Rangi iliyofubaa haijafubaa kwa sababu ya rangi yake, imefubaa kwa sababu ya umbo la uso wake. Ndani yake huwa kuna chembe ndogo sana, mara nyingi za silika (madini yale yale yaliyomo kwenye mchanga), na kimiminika kikikauka rangi inasinyaa na zile chembe zinabaki zimechomoza juu. Kwa jicho ni bapa, lakini ukiwa mdogo kiasi cha kutosha ni uwanja wa kokoto. Mwanga ukija unatawanywa kila upande badala ya kurudi kwa pamoja kama kwenye kioo, ndo maana hakuna mng'ao.

Chukua nailoni uitandike juu ya uwanja wa kokoto. Itagusa wapi? Itagusa vichwa vya kokoto tu, na kati ya kokoto na kokoto kunabaki vishimo vyenye hewa, nailoni imepita juu yake kama daraja. Ukimwaga zege juu ya kokoto zile zile ni hadithi nyingine kabisa, zege litaingia kila shimo na kushika vizuri kuliko kwenye sakafu laini. Ndo kosa langu lote lilipokuwa: rangi ni zege, dekali ni nailoni. Kanuni ya msasa ni kweli kabisa, ila ni ya vitu vinavyomiminika. Mi niliichukua nikaipeleka kwa kitu ambacho tayari ni utando mgumu kiasi, kisichoweza kuingia shimoni bila kusaidiwa.

Sawa, kuna hewa. Lakini hewa haionekani, sasa huo weupe unatoka wapi?

Unatoka kwenye mipaka. Mwanga ukivuka kutoka kitu kimoja kwenda kingine ambavyo vinapinda mwanga tofauti, sehemu yake inagoma kuvuka na kurudi ilikotoka. Hewa ina kipimo cha kupinda mwanga cha 1, utando wa dekali na vanishi viko karibu na 1.5. Kila mpaka wa aina hiyo, mwanga ukiingia wima, unarudisha kama asilimia 4. Chini ya dekali yenye hewa kuna mipaka miwili ya ziada, mmoja mwanga ukitoka kwenye utando kuingia kwenye kishimo, mwingine ukitoka kwenye kishimo kuingia kwenye rangi, kwa hiyo unaongelea asilimia 8 hivi ya mwanga inayorudishwa kabla hata haijaiona rangi ya ndege. Na kwa vile haijaigusa rangi, inarudi nyeupe. Asilimia 8 inaonekana ndogo, ila kwenye kijani kizito ambacho chenyewe kinarudisha mwanga kiduchu, ni nyingi mno. Ndo maana ukungu huu unatesa zaidi kwenye rangi za giza, na kwenye rangi nyeupe unaweza usiuone kabisa japo upo.

Kama bado hujaamini kwamba vitu viwili visivyo na rangi vinaweza kuzaa weupe, fikiria kioo kilichosagwa. Kioo hakina rangi, hewa haina rangi, ila unga wa kioo ni mweupe. Povu la sabuni nalo ni hivyo hivyo. Protekta ya simu iliyobandikwa vibaya pia, pale penye kiputo panang'aa fedha, ukikisukuma kiputo kikatoka panapotea, na hukuongeza wala kupunguza rangi yoyote.

Na hapa ndo tunajibu lile fumbo la usiku na asubuhi, ambalo kwangu ndo la ajabu kuliko yote. Dekali ikiwa mbichi vile vishimo havina hewa, vina maji. Maji yana kipimo cha 1.33, hayako mbali sana na utando, kwa hiyo mpaka wa utando na maji unarudisha chini ya nusu ya asilimia 1. Macho hayaoni kitu. Halafu maji yanakauka taratibu usiku kucha, hewa inachukua nafasi yao, na kila mpaka unapanda kutoka chini ya nusu mpaka 4. Ni kama nguo nyeupe ikilowa, inakuwa ya kuonyesha, ikikauka inarudi kuficha. Dekali yangu haikuharibika usiku ule, ilikuwa imeharibika toka nilipoibandika, ila maji yalikuwa yananifichia aibu.

Kwa hiyo ile glosi kazi yake si urembo. Ni zege jembamba. Inamiminika, inaingia kati ya kokoto, inajisawazisha kabla haijakauka, na ikikauka kunabaki uso bapa ambao utando unaweza kuulalia wote. Unaweza kujionea jambo hili hili kwa seloteipu na kioo cha ukungu, kile cha bafuni: ibandike upande ule wenye ukwaru, ukandamize, na pale penye seloteipu utaanza kuona ng'ambo, kwa sababu gundi yake laini imejaza vishimo. Gundi ya dekali haiwezi kufanya kazi hiyo maana ni nyembamba mno, na sehemu yake kubwa ni maji yatakayokauka.

Na hii vanishi isiyong'aa ya mwisho mbona hairudishi ukungu? Kwa sababu ukwaru wake uko juu, nje, na umefunika herufi, utando na rangi kwa usawa. Mpaka wa hewa na uso wa nje upo kila mahali siku zote, hauna ubaguzi. Ukungu wa dekali unaonekana kwa vile uko sehemu moja na jirani yake haupo. Ila kama hewa tayari ipo chini, usitegemee vanishi ya juu iifute. Itaipunguza makali, lakini kule chini haifiki.

Kuna mafundi watakuambia glosi si lazima, na siwezi kusema wanadanganya. Kuna dawa za kulainisha dekali, kama Micro Sol au Mr. Mark Softer, ambazo zinaulegeza utando mpaka unazama wenyewe kati ya kokoto, na kuna wanaosugua rangi yao kwa msasa laini sana badala ya kupaka glosi, na ndege zao ziko poa. Inategemea rangi ina ukwaru kiasi gani na utando una unene gani, na haya mengi ni uzoefu wa mezani kuliko vipimo vya maabara. Hizo dawa nazo zina vituko vyake: ukiipaka, dekali inajikunja makunyanzi mpaka roho inakutoka, na amri ni moja tu, usiiguse, ikikauka inajinyoosha. Mi niliigusa. Ilikuja na kidole.

Kituko kingine ni kwamba kwa miaka mingi glosi iliyopendwa na wengi haikuwa hata vanishi ya modeli, ilikuwa dawa ya kung'arisha sakafu, ya akriliki, Marekani ikiitwa Future na Uingereza Klear. Ukishajua kwamba kinachotafutwa ni kimiminika kinachojisawazisha na kukauka kigumu bila rangi, haishangazi sana, sakafu nayo inahitaji hicho hicho.

Ile Spitfire sikuitupa. Bawa la kulia nilitoboa ukungu kwa ncha ya sindano, vitundu vidogo vidogo, nikadondoshea dawa ya kulainisha, nikaona ile fedha inafifia kuanzia kwenye kila kitundu kwenda pembeni huku dawa ikijivuta yenyewe chini ya utando. Nikarudia mara tatu, ikakauka kila mara, na ukiniambia nikuonyeshe palipokuwa na tatizo lazima nitafute. Bawa la kushoto niliishiwa uvumilivu, mpaka leo ukiligeuzia dirishani linawaka.