Je, wajua kwa nini basi, polisi na ubeti vyote vina kituo?

Panda basi la alfajiri kutoka Moshi kwenda Dar es Salaam. Kabla hujafika Chalinze utakuwa umesimama kwa majina tofauti. Konda akitangaza kuwa tunachimba dawa, hakuna anayeuliza jembe liko wapi. Ni tafsida: anayeingia kichakani huhesabiwa kafuata mizizi ya dawa, na wenzake huangalia pembeni. Huko mbele, pengine Korogwe, mtasimama kwa chakula, nacho huliwa jicho moja likiwa kwenye sahani na jingine kwenye basi.

Neno lenye mambo mengi, hata hivyo, ni lile tunalolipita bila kulitazama: kituo.

Kituo kimezaliwa na kitenzi kutua, yaani kushusha mzigo kichwani au begani. Kinyume chake ni kutwika. Aliyejitwika hutua, na mahali anapotulia mzigo wake ndipo kituo. Leo tuna vituo vya basi, vya polisi, vya afya na vya mafuta, na mzigo wenyewe tumeusahau. Lakini haujapotea kabisa. Serikali inapoahidi kumtua mama ndoo kichwani, hakuna anayehitaji kamusi. Hata jua hutua, na ndege pale KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, hutua.

Tazama tena hilo "anapotulia". L imetoka wapi? Ni sauti ya kale iliyomezwa katika kutua, ikabaki imejificha, kisha hujitokeza kitenzi kinaponyambuliwa: fungua, fungulia, chukua, chukulia, tua, tulia. Kwa hiyo mama anayemwambia mtoto "hebu tulia!" anatumia kitenzi kilekile cha mpagazi. Utulivu nao ni wa ukoo huo.

Washairi walilichukua neno mapema. Katika ubeti wa mishororo minne, wa kwanza ni mwanzo, wa pili mloto, wa tatu mleo, na wa nne ndio kituo, hapo hoja inaposhushwa. Mshororo huo ukirudiwa kila ubeti huitwa kibwagizo, kutokana na kubwaga, ambako ni kutua kwa kishindo. Mshairi naye alijiona mbeba mizigo, na kwa kweli sioni kama alikosea.

Ukitaka kuliona neno kutua likiwa bado kazini, nenda lango la Marangu. Mpagazi wa Kilimanjaro hubeba mzigo wa mgeni usiozidi kilo 20 kwa mujibu wa taratibu za hifadhi, akautua Mandara, kama mita 2,700 juu ya usawa wa bahari, kesho yake Horombo, kama mita 3,700. Mgeni anayemfuata hana cha kutua ila kibegi chake cha mgongoni. Yeye anahitaji neno jingine: pumzika. Hili halihusu mzigo bali pumzi, na ndugu zake ni pumua na ule ugonjwa wa pumu. Kupumzika ni kuirudisha pumzi. Kileleni, kwenye mita 5,895, kila mvuto wa hewa huleta oksijeni karibu nusu tu ya ile ya Tanga, na hapo neno hurudi kwenye maana yake ya mwanzo bila kuombwa.

Ofisini Arusha mambo ni mepesi. Saa nne ni chai. Mchana ni mapumziko, na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa anayefanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo angalau dakika 60. Likizo ni ile ndefu, siku 28 kwa mwaka. Ukitaka kuwahi msiba Rombo, unaomba ruhusa.

Pumzika lina mtego mmoja. Ukipiga simu nyumbani mchana ukamuulizia babu, omba ujibiwe "amejipumzisha". Huyo yuko kitandani, ataamka saa kumi akitaka chai. Ukiambiwa "babu amepumzika", hasa kwa sauti ya chini, usiulize ataamka saa ngapi. Uliza mazishi ni lini.