Mchezaji akiwekea timu yake ushindi, kosa liko wapi?

Tukikaa na wachezaji wa vikundi vya hapa Lubumbashi, wawe wa Katuba au wa Kamalondo, swali huwa lilelile: "Papa, kama nabeti franga zangu kwamba tutashinda, nimemwibia nani?" Swali hilo lina haki ya kujibiwa. Kumwambia kijana mwenye akili kwamba sheria imekataza mchezaji kubeti, basi, ni kumfukuza tu.

Tuangalie tiketi yenyewe. Mchezaji ameweka franga 10,000 kwamba timu yake itashinda, kota (kiwango cha malipo) ni 1.60, akipata anachukua 16,000. Jumapili hii ameweka, ijayo ameweka, ya tatu haweki. Anayepokea pesa zake ameshaelewa: leo mtu wa ndani hana imani. Labda kipa ana homa, labda mishahara haijatoka. Kijana hajafungua mdomo, lakini siri ya timu imeshauzwa. Pete Rose, kocha wa besiboli wa Cincinnati Reds, alifungiwa maisha mwaka 1989. Baadaye alikiri kwamba alibeti mechi za timu yake, akishikilia kuwa siku zote aliiwekea ushindi. Utetezi huo haukumfungulia mlango.

Halafu kuna deni la kubeti. Mwenye kukudai hakuombi mufungwe, hana haja. Anaomba kitu kidogo: kadi ya njano kabla ya mapumziko, kona moja ya bure. Siku hizi hata vitu hivyo vidogo vina kota yake. Timu inaweza kushinda 3-0, sisi jukwaani tunapiga makofi, na wizi umepita mbele ya macho yetu.

Wengine wanadhani wataponea wakibeti kwa simu ya rafiki. Kieran Trippier, beki wa Uingereza, hakuweka hata senti. Aliwapa marafiki habari za uhamisho wake kwenda Atlético Madrid mwaka 2019, nao wakabeti. Desemba 2020 alifungiwa wiki 10 na kutozwa faini ya pauni 70,000.

Kanuni za maadili za FIFA zinagusa mpira wote wa miguu, si mechi zako peke yake. Anayecheza Lubumbashi haruhusiwi kubeti ligi ya Uhispania, na refa, kocha na viongozi wamo humohumo. Adhabu ni faini isiyopungua faranga 100,000 za Uswisi, na kufungiwa hadi miaka 3. Kupanga matokeo ni kesi nyingine, nzito zaidi.

Hata hivyo, mimi siamini kwamba kufungia kunatosha. Ivan Toney, mshambuliaji wa Uingereza aliyekiri makosa 232 ya kubeti, alifungiwa miezi 8 mwaka 2023. Ingekuwa 11, lakini tume ilizingatia kwamba kubeti kulikuwa kumemshika kama ugonjwa. Mwaka huohuo shirikisho la mpira la Italia lilimfungia kiungo Sandro Tonali miezi 18 kwa kubeti, likageuza 8 kati yake kuwa matibabu na kuzungumza na vijana. Njia hiyo ndiyo ningependa viongozi wetu waiige. Kila klabu iteue mtu mmoja, asiyehusika na kupanga kikosi, ambaye mchezaji mwenye deni anaweza kumwendea bila kuogopa kuwekwa benchi Jumapili.